Kumuenzi mwenyekiti wa polisi jamii aliyeaga: ibada ya mtaani Umoja tuipange vipi?

Jirani_wa_Umoja

Salaam wenzangu. Mwenyekiti wetu wa polisi jamii hapa Umoja, Nairobi, ameaga hospitalini baada ya kuugua. Tangu mpango wa Nyumba Kumi, wa majirani kulinda usalama pamoja, uanze mwaka 2013, yeye ndiye amekuwa daraja kati ya wakaazi, chifu na kituo cha polisi. Familia itamzika kwao Mwingi Jumamosi ya wiki ijayo. Wamekubali tumuage hapa mtaani Ijumaa asubuhi, jeneza likiwepo, kisha msafara uondoke siku hiyo hiyo.

Naomba mwongozo kutoka kwa wanaoyajua mambo haya. Je, anastahili bendera na gwaride la polisi? Vijana wa bodaboda wanataka kumsindikiza, tuwapange vipi? Wasifu wake uandikwe vipi? Na tukitaka kumbukumbu ya kudumu mtaani, ni ipi itakayodumu kweli? Mzee huyu ametufanyia mengi, hatutaki siku yake iende ovyo.

Mratibu wa Matanga

Poleni sana, wana-Umoja. Anzeni na karatasi, kwa sababu ibada nyingi huchelewa kwenye lango la mochari. Kwa aliyefia hospitalini, hospitali hujaza fomu ya taarifa ya kifo, na hapo ndipo hutoka kibali cha kuzika. Kibali halisi kisafiri na gari la maiti, nakala mbili zibaki kwa watu wawili tofauti. Bili ya mochari ilipwe Alhamisi, nguo zipelekwe Alhamisi, na atakayetia sahihi ya kuchukua mwili aende na kitambulisho chake. Mkiacha malipo hadi Ijumaa asubuhi, foleni ya Ijumaa itakula saa nzima, maana familia zinazozika Jumamosi huchukua miili yao siku hiyo.

Ratiba inayowezekana: mwili utoke mochari saa moja asubuhi, ufike mtaani saa mbili na nusu, ibada iishe saa nne na nusu, gari liondoke saa tano kamili. Kupitia Thika na Matuu mtafika Mwingi alasiri kukiwa na mwanga.

Wengi hukosea kwenye kutazama mwili. Mstari mmoja hupitisha kama watu 10 kwa dakika, kwa hiyo watu 400 ni dakika 40. Wekeni mistari miwili, mmoja kila upande wa jeneza, na vijana wawili wa kusukuma mstari kwa upole. Dakika 20 zitatosha. Jambo hili lifanyike kabla ya ibada. Likiachwa mwisho, hakuna MC atakayewaondoa watu pale.

Wasemaji wasizidi sita, dakika tatu kila mmoja, majina yaandikwe na yafungwe Alhamisi jioni. Wanasiasa wakija, wapewe nafasi moja, mmoja awasalimie wengine kwa niaba yao. Mikutano ya jioni ya matanga pia ina sheria yake: kanuni za kelele za mwaka 2009 huhesabu usiku kuanzia saa mbili, na viwango vya usiku kwa mitaa ya makaazi ni vya chini sana. Vipaza sauti vizimwe saa mbili, mwendelee na nyimbo za mdomo.

Afisa Mstaafu

Kuhusu bendera nitasema wazi ili msije mkaaibika mbele ya watu. Bendera ya Taifa juu ya jeneza, tarumbeta ya kuaga na kikosi cha kubeba ni heshima za afisa aliyekuwa katika huduma, na huduma yenyewe ndiyo huzileta. Mwenyekiti wa polisi jamii ni raia. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inaitambua kazi yake, kuanzia kifungu cha 96, lakini haimfanyi afisa. Msinunue bendera madukani mkamfunika, na kijana yeyote asivae sare ya polisi wala nguo za rangi ya kijeshi. Hilo ni kosa la jinai hata kama nia ni njema.

Mnachoweza kuomba, na aghalabu hukubaliwa, ni OCS (mkuu wa kituo cha polisi) au mwakilishi wake aje azungumze, na maafisa wawili wa trafiki wawasaidie kwenye makutano. Andikeni barua ya ukurasa mmoja: jina la marehemu na wadhifa wake, tarehe, mahali, saa, njia ya msafara, idadi ya magari na pikipiki, na nambari za simu za watu wawili wanaohusika. Nakala iende kwa kamanda wa polisi wa kaunti ndogo na kwa chifu. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka arifa ya msafara wa hadhara imfikie OCS si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla. Hata kama ni mazishi, fuateni muda huo, kwa kuwa OCS naye anahitaji siku za kupanga zamu. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.

Mahali pa bendera pana mbadala mzuri zaidi kwa mtu wa aina yake. Wekeni juu ya jeneza vesti yake ya kuakisi mwanga, filimbi na tochi, vitu alivyotembea navyo usiku. Kabla ya kuondoka, katibu wa kamati avikunje avikabidhi kwa mjane au mtoto mkubwa. Walinzi wa heshima wawe vijana wa doria wenyewe: wanane, safu mbili za wanne, umbali wa mkono ulionyooshwa kati yao. Wabebaji sita wapangwe kwa urefu, wanaolingana wakae pande mbili mkabala. Jeneza lenye mwili hupita kilo 100, na wasipolingana uzito haugawanyiki sawa. Wafanye mazoezi mara mbili kwa jeneza tupu au meza ndefu.

Mwandishi wa Wasifu

Hapa kuna hatari ambayo watu hawaioni. Kazi ya marehemu ilisimama juu ya siri za watu. Mama aliyempigia usiku kumwambia kuna bunduki imefichwa kwa jirani bado anaishi hapo, na jirani huyo huenda ameketi kwenye viti vya mbele. Wasifu ukisema "ndiye aliyesaidia kukamatwa kwa genge la mtaa fulani mwaka fulani", mnawarudisha watu kuhesabu nani alijua nini. Kwa hiyo: hakuna majina ya washukiwa, hakuna nambari za OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi), hakuna kesi ambayo bado iko kortini, hakuna picha yake akiwa na watu wasiojulikana usiku wa doria. Msemaji yeyote, hasa kijana mwenye uchungu, aelezwe hivyo kabla hajashika kipaza sauti. MC naye awe na ruhusa ya kumkata.

Mwaweza kusema mengi bila kumchoma mtu. Andikeni kazi, si kesi. Kwa mfano: alikuwa anatembea uchochoro upi, saa ngapi, alisimamia taa zipi zikatengenezwa, ugomvi wa ploti na wa kodi ulikuwa unaamuliwa mlangoni kwake, watoto waliopotea walipelekwa kwake kabla ya kituoni, alikataa kabisa mshukiwa apigwe na umati, akakaa naye mpaka gari la polisi lije. Hilo la mwisho, kama ni kweli kwake, lipeni aya nzima. Kuzuia umati usimchome mtu Nairobi ni ushujaa unaotaka kutajwa kwa sauti.

Kila tukio lithibitishwe na watu wawili, na familia isome rasimu nzima kabla ya kuchapisha. Hapo ndipo hujitokeza mtoto aliyesahauliwa au mke wa kwanza asiyetajwa, na ni heri ijulikane Jumanne kuliko Ijumaa mbele ya hema.

Urefu: kwa Kiswahili cha kusomwa kwa utulivu, maneno 100 kwa dakika. Wasifu wa kusomwa usizidi maneno 700. Mengine yakae kwenye kijitabu. Kijitabu cha A5 hukunjwa kutoka A4, kwa hiyo kurasa lazima zigawanyike kwa 4: 8, 12 au 16. Mkileta kurasa 10, mchapaji ataacha mbili tupu. Picha zitumwe kama faili, si kama picha za kawaida za WhatsApp, maana hubanwa zikatoka ukungu. Rasimu ya mwisho iende kwa mchapaji Jumanne jioni, nakala zichukuliwe Alhamisi asubuhi.

Msimamizi wa Stendi

Bodaboda: wasizidi 30, wawili wawili, mita 10 kati ya jozi na jozi, nyuma ya gari la maiti wala si mbele. Kofia kwa kila mmoja, abiria hapana, honi ni kuanzia geti la mtaa mpaka barabara kuu tu. Waishie mahali mlipokubaliana na OCS, wapange pikipiki kando, wasimame wima gari likipita, kisha warudi. Ajali za misafara hutokea pale wale wa nyuma wanapokimbia kuwafikia wa mbele. Kwa hiyo mwekeni mtu mzima anayeheshimika awe wa mwisho, na yeyote asimpite.

Michango isiende kwa nambari ya mtu mmoja. Akaunti ya kawaida ya M-Pesa haishiki zaidi ya shilingi 500,000, na muamala mmoja mwisho ni 250,000. Ikijaa, pesa hurudi kwa mtumaji na maneno huanza. Tumieni paybill (nambari ya kupokea malipo ya M-Pesa) ya kikundi yenye watia sahihi watatu, mmoja akiwa wa familia. Jumla itangazwe kila jioni saa moja, na karo ya watoto iwe mfuko wake, isichanganywe na chakula.

Mama wa Kamati, Eastlands

Kumbukumbu ya kudumu: chuma na shaba msijaribu, bango la shaba litaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Jiwe la graniti lililochongwa herufi, likazibwa kwa saruji ndani ya ukuta wa kituo kidogo cha polisi au wa ukumbi wa kijamii, hudumu. Ombeni ruhusa ya mwenye jengo kwa maandishi.

Mti ni mzuri ila udongo wetu mweusi wa Eastlands hupasuka kiangazi na kutuamisha maji masika. Chimbeni shimo la sentimita 60 kwa 60, changanyeni udongo na mbolea iliyooza na kokoto chini, mpande mvua zikianza, mbali na mabomba ya maji taka na nyaya za stima.

Kwangu mimi, mtu wa doria akumbukwe kwa mwanga. Taa ya sola kwenye uchochoro ule wenye giza, jina lake limeandikwa kwenye nguzo, na mtu aliyepewa jukumu la kupangusa paneli kila mwezi. Mkitaka barabara ibebe jina lake, pelekeni ombi rasmi kwenye bunge la kaunti. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mtu haki hiyo, lakini anzeni kwa MCA (mwakilishi wa wadi) wenu, na mwe na saini za wakaazi wa barabara yenyewe.

Jirani_wa_Umoja

Ahsanteni sana, nimechapisha yote kwa ajili ya mkutano wa leo jioni. Swali moja la mwisho: makamu mwenyekiti anaomba simu ya marehemu ili aendeleze kazi. Mjane hajui ampe au akatae.

Mwandishi wa Wasifu

Mama akatae kwa heshima, na kamati imuunge mkono. Waliompa marehemu habari walimwamini yeye, hawakumwamini makamu. Simu ibaki kwa familia, ikiwa imezimwa, na pesa za M-Pesa zifuate utaratibu wa urithi. Kamati ikabidhiwe daftari la zamu, funguo na orodha ya viongozi wa nyumba kumi pekee. Daftari lenye majina ya watoa habari, kama lipo, lisipite mikononi mwa mtu: mjane na OCS waamue pamoja lichomwe au lifungiwe.

Kisha fanyeni haraka jambo moja. Laini isiyotumika kwa miezi mingi hufungwa na hatimaye hupewa mteja mwingine. Mtu atakuja kutuma ujumbe kuhusu wizi kwa mgeni kabisa. Ondoeni nambari yake kwenye makundi yote ya WhatsApp baada ya mazishi, hakikisheni kuna wasimamizi wengine wawili, na viongozi wa nyumba kumi wapite mlango kwa mlango wakiwapa wakaazi nambari mpya ya kamati na ya kituo. Wasitume kwa kundi peke yake. Wengi waliokuwa wakimpigia marehemu hawamo kwenye makundi, na kwa sababu nzuri.