Mrejesho: Forester yangu na gereji ya Mtwara

Niliwauliza kama niilipe gereji moja hapa Mtwara fedha yote mapema ili inifungie bomba pana la kuingizia hewa kwenye injini na kubadilisha programu inayoiongoza injini ya Subaru Forester yangu yenye turbo. Kwa ushauri wenu nililipa nusu. Bomba lilifungwa vizuri, ila programu ilinakiliwa kutoka gari jingine, hivyo nilipopanda kilima nikitoka Mikindani injini iligonga kama kokoto ndani ya kopo. Fundi mwingine alipochomeka kipimo alikuta hewa ni nyingi mno kulinganisha na petroli, kwa kuwa kihisi cha kupima hewa kilisoma hewa pungufu kwenye bomba lile pana, ambalo programu ile haikulijua. Nimerudisha bomba na programu ya kiwandani, kugonga kumekoma. Nusu iliyobaki sijailipa, na mwenye gereji, ajabu, hajanidai.