Ushauri: kumpeleka mtoto wa miaka tisa kwenye ufuo wa mchanga mweusi Iceland, likizo ya Agosti

BabaTumaini (Donholm)

Habari zenu wanajamvi. Miaka yote nimekuwa nasoma kimyakimya, leo na mimi limenifika.

Kijana wangu ana miaka tisa, yuko Gredi ya Nne. Muhula uliopita mwalimu aliwaambia walete mchanga wa aina mbili. Wenzake walileta, wakapewa alama, wakasahau. Huyu wangu hajaacha mpaka leo. Dirishani mwake kuna chupa saba za maji zilizokatwa shingo: mchanga wa mto aliouzoa jirani alipokuwa akijenga, mweupe wa Diani, mwekundu aliouchota basi liliposimama Voi, na kadhalika. Kila moja ina karatasi ya jina. Ya nane imeandikwa MWEUSI na ndani hamna kitu. Mgeni akija nyumbani anaonyeshwa hiyo tupu kwanza.

Ameona video ya ufuo unaoitwa Reynisfjara, huko Iceland, mchanga mweusi kama vumbi la makaa. Na mimi kwa mdomo wangu nikasema, "Tutaenda." Sasa zamu yangu ya chama chetu cha kuchangiana imefika na nina kama laki saba. Mama yake hana likizo, tutakuwa wawili.

Naomba kujua viza inapatikanaje, kama Agosti ni wakati mzuri, na tukishafika mji mkuu wao tutafikaje huko bila kupitia madalali. Kwa usalama sina wasiwasi, najua maji ni baridi na hatutaogelea. Tutasimama tu ukingoni, tupige picha, tuchote kidogo.

Kamaa_wa_Ploti

Laki saba kuona mchanga? Joska kuna ploti, na mchanga uko.

BabaTumaini

Ploti ninayo kaka. Haina mawimbi.

Sakina_Safari

Baba Tumaini, nianze na karatasi kwa sababu ndizo zinazokwamisha wengi.

Iceland haimo kwenye Umoja wa Ulaya lakini imo kwenye Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye viza moja, kwa hiyo viza ni ile ile ya Schengen. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa umri wa wako, na ukinyimwa hurudishiwi. Ombi unaweza kulipeleka kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usisubiri hizo 15, maana kuelekea Agosti miadi inagombaniwa. Bima ya safari iwe ya angalau yuro 30,000. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, beba cheti cha kuzaliwa na barua ya mama yake ya kuridhia, iliyotiwa sahihi mbele ya wakili.

Pesa ya chama ndiyo inayonitia hofu. Laki saba zikitua benki wiki moja kabla ya ombi, anayekagua anaona pesa za kuazima. Ziingize mapema, na uambatishe maelezo ya chama chenyewe: daftari, tarehe za zamu, kila kitu. Dada mmoja wa kanisani kwetu alinyimwa kwa hilo tu, na pesa zilikuwa zake halali.

Ndege ya moja kwa moja hakuna. Mtapitia Amsterdam au Paris, halafu Keflavík. Mkitua hiyo Amsterdam au Paris ndipo mnapoingia Schengen, kwa hiyo faili ya karatasi iwe mkononi, isiwe kwenye sanduku mliloliacha kwa mizigo.

Agosti ni sawa. Ni baridi ya Limuru ya Julai, ongeza upepo. Desemba usithubutu, mchana wenyewe ni saa nne au tano. Kutoka Reykjavík mpaka kijiji cha Vík ni kama kilomita 180 kwa barabara nambari 1, lami yote. Unakodi gari, leseni yetu wanaikubali, ila wanaendesha upande wa kulia. Zunguka kwanza kwenye maegesho mpaka mkono uzoee.

MwanaMvita

Bwana Baba Tumaini, salamu kutoka Likoni. Iceland sijafika wala sitarajii, lakini umeandika neno limenishtua: "tutasimama tu ukingoni."

Huku kwetu nje baharini kuna mwamba. Wimbi linatoka bahari kuu na hasira zake, linapasukia mwambani, na kinachokufikia miguuni ni povu. Ndiyo maana kijana wako alicheza Diani na wewe ukanunua madafu bila wasiwasi. Hata ule mchanga mweupe ni matumbawe na makome yaliyosagika, mwamba huo huo unakulisha na kukulinda.

Sasa fungua ramani. Ufuo huo unatazama kusini, mbele yake ni bahari tupu, hapana mwamba, hapana kisiwa cha kulipunguza wimbi. Mawimbi yatakuja madogo madogo hadi uyazoee, kisha lije moja lisilo na jamaa. Nimevua miaka thelathini na wazee wetu walitufunza: ukiwa ufuoni usiipe bahari mgongo. Na mpiga picha anafanya nini kama si kuipa mgongo?

Mimi nimesema. Waliofika waseme.

Nesi_Kilimani

Nimefika, Machi 2023, nikiwa masomoni Ulaya. Mzee wa Likoni ameniwahi, ila ngoja niseme nilichokiona.

Ukishuka kutoka maegesho kuna kibao kikubwa cha onyo na taa, kijani, njano na nyekundu, kulingana na mawimbi yanayotarajiwa. Siku hiyo ilikuwa njano. Nilikisoma kibao na nikakipita, kama mtu anavyopita kibao cha "Usikojoe hapa".

Ufuo wenyewe siwezi kuudanganya, ni mzuri. Nyuma kuna jabali la nguzo za mawe, zimesimama wima kama penseli kwenye kopo, watoto wanapanda kama ngazi. Baharini kuna vidole vya mawe, wanaviita Reynisdrangar. Wenyeji wanasimulia kwamba ni majitu yaliyokuwa yakiburura merikebu usiku, jua likayakuta na yakageuka mawe. Nilikumbuka yale mawe ya Kit Mikayi kule Seme, Kisumu, nikacheka peke yangu.

Nilisimama mahali ambapo mchanga ulikuwa mkavu. Kosa lilikuwa hapo: nilidhani pakavu maana yake maji hayafiki. Nikageuka kupigwa picha. Nilimwona mwenzangu uso ukibadilika kabla sijasikia chochote, na maji yakawa mapajani. Kuja kwake hakukuniangusha. Kurudi ndiko kulikokuwa na kazi. Maji yakirudi, kokoto zote chini ya miguu zinakimbia nayo, ni kama umesimama juu ya maharagwe yanayomiminwa kutoka gunia. Hakuna pa kukanyaga. Mwenzangu alinidaka kwa kofia ya koti. Simu ilikwenda, buti zilijaa, na kwa dakika kumi sikuweza kufunga zipu kwa baridi.

Nina kilo 74. Tumaini ana ngapi? 28?

Na hili nalisema kwa uzito: Agosti 2025, msichana wa miaka tisa aliyekuwa hapo na familia yake alichukuliwa na wimbi akafa. Hakuwa wa kwanza kufia pale.

Mkienda bado, taa ikiwa nyekundu msishuke. Ikiwa njano, kaeni juu kabisa mbali na maji, na mkono wake usiuachie hata kwa picha. Kwenye pango la zile nguzo msiingie maji yakiwa karibu, mtu hufungiwa humo. Kuna rasi ya Dyrhólaey jirani tu, unauona ufuo mweusi mzima kutoka juu, na hakuna wimbi litakalokufuata huko. Mlango wa gari ufungue kwa mikono miwili, upepo ulikunja wetu na kampuni ya kukodisha ikatukata pesa ambayo bado inaniuma. Na chupa iacheni Donholm. Kila mgeni akichota kidogo hakitabaki kitu.

BabaTumaini

Nimesoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama jikoni. Asante dada. Kusema kweli nilikuwa nimeshapanga ile picha kichwani: yeye mbele, bahari nyuma.

Mwalimu_Thika

Niwape dakika ya darasa, kwa sababu huyu mtoto ni wa kwangu kabisa.

Lava, yaani mawe yaliyoyeyuka yanayotoka kwenye volkeno, ikiwa ya basalti na ikakutana na maji baridi inapasuka vipande kama glasi ya moto uliyoitia maji ya mfereji. Bahari inasaga vile vipande kwa miaka hadi vinakuwa mchanga. Weusi unatokana na madini yenye chuma kwa wingi, na baadhi yake ni sumaku kabisa. Mpe sumaku aipitishe juu ya chupa zake zote, atashangaa.

Zile nguzo anazosema Nesi hutokea lava nene ikipoa polepole. Inanywea, inapasuka kwa mpangilio, mara nyingi pembe sita. Huna haja ya viza kuziona, Hell's Gate pale Naivasha zipo, na nauli yake ni ya matatu. Halafu mwambie aguse ukuta wa nyumba yenu. Kama umejengwa kwa mawe ya Ndarugo, hilo ni jivu la volkeno lililoshikana. Analala ndani ya volkeno na anaitafuta Ulaya.

BabaTumaini

Mwalimu, sumaku anayo, aliitoa kwenye spika ya redio yangu (ilikuwa nzima). Ya Diani haikushika kitu. Ya mto ilishika punje chache, akafurahi wiki nzima.

Ekai_wa_Kalokol

Ndugu zangu, nimesoma uzi wote nikingoja mtu ataje nyumbani, hakuna. Mnaijua Iceland, hamjui Turkana.

Katikati ya ziwa letu kuna Kisiwa cha Kati. Ni volkeno, imetoka majini, na ina maziwa matatu ya kreta, yaani yaliyo kwenye mashimo ya volkeno, ndani yake: la mamba, la flamingo na la tilapia. Fuo zake ni nyeusi, za lava. Ni mbuga ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na imo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1997. Unakuja Lodwar kwa ndege au kwa basi la kupitia Kitale, unafika Kalokol, kama kilomita 60 kutoka Lodwar, halafu unapanda mashua ya injini karibu saa moja.

Nitasema na ubaya wake, msije mkanitukana. Joto. Huo mchanga mweusi saa saba mchana hukanyagi bila viatu, utaruka kama mtu aliyekanyaga siafu. Kivuli hakuna. Maji ya kunywa mnabeba yote. Na upepo wa ziwa unaweza kuamka na kuinua mawimbi ya kupindua mashua, kwa hiyo nahodha akisema tungoje, mnangoja, hata kama ni kulala. Anayekuharakisha ili achukue wateja wengine, mwache aende zake.

Kamaa_wa_Ploti

Kwa hiyo mnamtoa kwa mawimbi mnampeleka kwa mamba. Hongereni.

Ekai_wa_Kalokol

Kamaa, mamba wapo wengi, na wanazaliana hapo kisiwani, sifichi. Lakini mnatembea na askari wa mbuga, hamwogelei, na ukingo wa maji ni wa kuangalia kwa mbali. Ukisimama pale askari alipokuambia usimame, umeshamaliza nusu ya shida.

MwanaMvita

Hapo nakubaliana na Ekai. Na jaketi za kuokolea zivaliwe tangu mnapopanda. Nimeona mashua zinazozikalia kama mito.

Sakina_Safari

Kwa laki saba mnakwenda familia nzima Turkana na mnarudi na nyingi. Iceland aende akiwa na kumi na tano, kwa pasipoti yake na akili yake.

BabaTumaini

Jana usiku nilimketisha Tumaini nikamsomea, nikaruka ile ya msichana. Ya mawimbi alisikiliza kimya. Nilipofika Turkana akauliza swali moja tu, na amenituma nilete hapa: Mjomba Ekai, mchanga wa huko unashika sumaku?

Ekai_wa_Kalokol

Hilo swali sijawahi kuulizwa. Kesho naenda ziwani, nitatafuta sumaku.

Ekai_wa_Kalokol

Nimerudi. Sumaku nimeazima kwa fundi wa redio sokoni. Kisiwani sikwenda, na huko ni mbuga, hutoi hata jiwe. Nimekwenda ufuo wetu wa kawaida, ambapo maji yakirudi huacha michirizi myeusi juu ya mchanga wa kahawia. Nikaiburuta sumaku juu ya mchirizi mmoja.

Imeota ndevu, Baba Tumaini. Ndevu nyeusi, fupi, zimesimama kila upande kama kichwa cha mtoto aliyetoka kuoga. Nimezipangusa dakika tano na bado hazijaisha. Fundi amenuna, anasema nimemharibia kitu chake.

Nesi_Kilimani

Nimecheka mpaka wagonjwa wamegeuka.

BabaTumaini

Nimemsomea. Ametoka mbio, amerudi na ile chupa ya nane ameiweka juu ya meza ya chakula, na hapo ndipo itakaa sasa.

Ekai, naomba namba zako faraghani. Mashua ya watu watatu kwa siku ni pesa ngapi? Mama yake anaomba ruhusa kazini. Na jaketi za saizi ya mtoto zipo huko?

Ekai_wa_Kalokol

Za mtoto njoo nayo kutoka Nairobi. Na viatu vya soli nene.