Vigogo na vibonde kundi moja: haki au mateso?

Beki Tatu (mwenye mada)

Wakuu, salaam. Juzi nimebishana na shemeji kuhusu makundi ya kufuzu ya soka la wanawake Ulaya, vigogo na vibonde wachanganywe au kila mtu na saizi yake, tukaishia kununiana. Nimeona ubishi niulete huku.

Chukueni Kundi D la kufuzu Kombe la Dunia 2023: England, Austria, Ireland Kaskazini, Luxembourg, Macedonia Kaskazini na Latvia. England walicheza mechi 10, wakashinda zote 10, wakafunga mabao 80 na wavu wao haukuguswa. Themanini bila! Oktoba 26, 2021 waliwafuata Latvia kwao wakawapiga 10-0. Wiki tano baadaye, Novemba 30, wakawakaribisha Doncaster wakawapiga 20-0. Usiku huo Ellen White akaipita rekodi ya mabao ya timu ya wanawake ya England iliyokuwa ya Kelly Smith, na wachezaji wanne kila mmoja akaondoka na matatu au zaidi. Siku tano kabla ya hapo, kwenye kundi jingine, Ubelgiji walikuwa wamewatandika Armenia 19-0.

Sasa wale wa "mdogo hujifunza kwa mkubwa" wanijibu: Latvia walijifunza nini kati ya lile kumi na lile ishirini? Kipa anaokota mpira wavuni kila baada ya dakika nne na nusu, somo liko wapi? Hata Sarina Wiegman, kocha wa hao hao washindi, alisema matokeo ya namna ile si mazuri.

Msimamo wangu: kila mtu acheze na saizi yake. UEFA, wasimamizi wa soka la Ulaya, walipoleta madaraja A, B na C mwaka 2023, wenye nguvu A na wadogo C, walifanya la maana. Tazameni kundi la kufuzu Euro 2025 la Ufaransa, England, Sweden na Ireland. Sweden walikuwa wametoka kushika nafasi ya tatu duniani, humo wakamaliza wa tatu na kutupwa kwenye mchujo. Ireland waliburuta mkia kwa pointi 3, ila pointi zenyewe walizipata kwa kuwafunga Ufaransa, 3-1, mjini Cork. Hiyo ndiyo mechi ya kulipia kiingilio. Karibuni mnipinge.

Winga Teleza

Mkuu, umejichagulia kundi linalokufaa, na hata humo kuna watu umewaruka. Ireland Kaskazini hukuwaona?

Rudi nyuma kwenye kufuzu Euro 2022. Walipangwa na Norway, Wales, Belarus na Visiwa vya Faroe. Norway waliwapiga 6-0 nyumbani, wakawapiga 6-0 ugenini. Kwa hesabu yako hao ni vibonde, wapelekwe wanakostahili. Lakini na Wales walitoka 2-2 kule Wales na 0-0 nyumbani, wakalingana pointi, wakapita kwa mabao ya ugenini. Kwenye mchujo wakawatoa Ukraine, 2-1 kule na 2-0 nyumbani. Ikawa mara yao ya kwanza kucheza mashindano makubwa. Timu iliyokula 12 kwa Norway ikaenda Euro, nawe unataka kuwafungia mlango kwa sababu wamefungwa sana na mmoja?

Halafu madaraja yako hayajamaliza vichapo, yamevihamisha tu. Sweden hao hao walipoangukia mchujo walipewa nani? Luxembourg. Jumla 12-0 kwa mechi mbili. Kigogo alikosea mtihani wake, adhabu akala kibonde.

Beki Tatu

Hilo la Luxembourg limeniuma, nakubali. Ila mlango haujafungwa, bwana. Wales walitoka daraja B, wakawatoa Ireland kwenye mchujo, wakaenda Euro 2025.

Winga Teleza

Wakafanywa nini huko? 3-0, 4-1, 6-1. 😀

Dada Kipa

Ndugu zangu, nyie mnayahesabu mabao, mimi nimeyaokota. Nilikuwa kipa wa shule, mashindano ya wilaya, tukafungwa 11. Nililia kwenye lori mpaka tunafika. Lakini kilichoniua si yale kumi na moja. Mechi yetu iliyofuata ilikuwa mwaka mwingine! Mwaka mzima unalala na kumi na moja zako, huna pa kuzifutia.

Ndiyo maana huu ubishi wenu wa nani akae na nani naona mmeupitia mlango wa nyuma. Latvia walikula 30 kwa England, sawa, lakini kundi liliwapa mechi nyingine nane, nne kati yake dhidi ya Luxembourg na Macedonia Kaskazini ambao ni wa kimo chao. Unafungwa Ijumaa, Jumanne unaamka tena.

Njooni kwetu sasa. Kufuzu WAFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake, hakuna kundi, ni mtoano wa nyumbani na ugenini. Twiga Stars, timu ya wanawake ya Tanzania, walicheza fainali za 2010, kisha wakapotea mpaka zile za 2024 zilizochezwa Morocco Julai 2025. Walifuzu kwa kuwafunga Togo 3-0 Chamazi na kufungwa 2-0 Lomé. Wangeruhusu bao moja tu zaidi kule, ilikuwa penalti. Na timu hiyo hiyo ilipofika Morocco ikatoka 1-1 na Afrika Kusini, waliokuwa mabingwa watetezi. Taifa Stars wa kiume wakitafuta AFCON wanapewa kundi la watu wanne, mechi sita. Wakiteleza Septemba wana Oktoba. Dada zao wakiteleza dakika 90, basi, warudi klabuni.

Mimi nipeni kundi. Mnipange na nani, tutaelewana mbele ya safari.

Mzee wa Hesabu

Mpwa wangu Kipa, umesema kweli, lakini mechi sita ni safari tatu za ugenini. Tiketi za ndege, hoteli, posho, na hapo nchi nyingine hazina hata uwanja uliopitishwa. Nani analipa? Mkimaliza kupanga makundi muanzie hapo.

Dada Kipa

Shikamoo mzee. Anayelipia safari tatu za wanaume.

Beki Tatu

Mzee kanyamazishwa 😂. Dada Kipa, kwa Afrika umenipata: kwanza liwepo kundi, ya madaraja baadaye. Kwa Ulaya nabaki pale pale. Ila niwape silaha wenyewe, maana shemeji atawaletea: kufuzu Kombe la Dunia 2027, England na Hispania, bingwa wa Ulaya na bingwa wa dunia, wamewekwa kundi moja pamoja na Iceland na Ukraine. Kinara peke yake ndiye anayekwenda Brazil moja kwa moja. Nililia nipewe saizi yangu, nimeletewa. Shemeji anacheka tangu droo ipangwe.

Winga Teleza

Na wewe ukiwa Iceland humo ndani, saizi yako ni ipi?