Nimeacha ukali, mbona wafanyakazi wangu bado wanataka kuhama?

Msimamizi wa vyumba
Wakuu, poleni na zamu. Huu ni mwezi wa tano tangu nipandishwe kuwa msimamizi wa wasafisha vyumba hotelini, nina watu 14 chini yangu. Kabla ya hapo nilisukuma toroli miaka saba chini ya bosi aliyekuwa akipitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi, akilipata anakufokea mgeni akisikia. Niliapa sitakuwa kama yeye. Simfuatilii mtu wala simkaripii. Asubuhi nabandika orodha ya vyumba, nawaachia kazi yao. Wiki hii mtu wa tatu ameomba kuhamia dobi. Nilipomuuliza sababu akasema, "Dada, wewe ni mtu mzuri, ila tukikwama hatukuoni." Siku ya nne leo maneno hayo hayanitoki kichwani. Nimekosea wapi?

Mapokezi, zamu ya usiku
Pole dada. Ulikimbia ukali, ukaacha na uongozi hukohuko. Mwaka 1939 mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake Lippitt na White walichapisha majaribio yao ya Marekani kwa vikundi vya wavulana: kuna kiongozi wa kuamuru, wa kushirikisha na wa kuachia tu. Kwa mwamrishaji kazi ilikwenda, akitoka chumbani ikazorota. Kwa mshirikishaji iliendelea hata asipokuwepo. Wewe umo kundi la tatu, na unadhani umo la pili.

Usiku mmoja tulikuwa tumepokea wageni wengi kuliko vyumba. Mgeni ana uthibitisho mkononi, anagonga kaunta. Meneja akashuka, akasimama ubavuni kwangu, akamwambia, "Kosa ni letu, mimi nitalimaliza." Asubuhi ndipo akaniita, mlango umefungwa, tukapitia nilipokosea kuhesabu vyumba. Bosi yule ningemfanyia kazi hata sikukuu.

Mpishi
Mimi niitetee amri kidogo. Oda zikimiminika na sahani moja imerudishwa, hakuna kikao. Mpishi mkuu anasema, "Meza ya sita, sasa hivi!" unaitikia, unaendelea, na hakuna anayenuna. Wataalamu wa uongozi Hersey na Blanchard walisema tangu 1969 kwamba mtindo ufuate uwezo wa unayemwongoza: mgeni wa kazi aelekezwe hatua kwa hatua, mzoefu apewe nafasi. Kinachotuchosha ni amri inayoendelea hata majiko yameshazimwa.

Msafisha vyumba, mwaka wa 11
Dada msimamizi, mimi ni kama hao wako, kwa hiyo nakuuliza moja tu. Orodha yako unaigawa kwa idadi? Maana mwenye vyumba kumi vya wageni wanaoondoka na mwenye kumi vya wanaobaki hawajapewa kazi sawa. Wa kwanza anavua shuka zote, anasugua bafu upya, anakagua hadi droo, na mapokezi wanapiga simu kuuliza kama chumba kiko tayari. Mgongo wake jioni si mgongo wa mwenzake. Sisi hatuji kukwambia, kwa sababu bosi aliyetangulia ukimwambia anakuita mvivu. Kimya chetu usikihesabu kuwa tumeridhika.

Msimamizi wa vyumba
Ahsanteni sana. Dada wa mwisho, nimekwenda kuitazama orodha ya jana. Huyo anayetaka kuhama alikuwa na vyumba 12, na 9 ni vya kuondoka. Mwenzake wa ghorofa ya juu alikuwa na 12 pia, vya kuondoka 3. Niliiandika kwa mkono wangu na sikuliona hilo, mimi niliyesukuma toroli miaka saba!

Kesho sibandiki kitu ukutani. Tutaigawa pamoja kabla ya kuchukua matoroli, na saa tano nitapita kila ghorofa kuuliza nani amekwama, nikunje mikono nitandike naye. Barua ya kuhama bado iko mezani, sijaisaini. Ijumaa nitamuuliza tena. Akisema bado anakwenda, nitamsainia.