Nimehamia klabu nyingine ya kung fu nikiwa na mkanda wa kijani: nianze upya au niombe kupimwa juu?

Dhoruba_Kimya ameandika:

Wakuu habari zenu. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa kung fu, hasa mliowahi kukaa upande wa wasimamizi siku ya mtihani wa mikanda.

Nilianza mazoezi ukubwani. Klabu ya kwanza ilitumia mikanda kama ya karate: nyeupe, njano, chungwa, kijani, bluu, kahawia, nyeusi. Nilifika kijani, na kila rangi niliitolea jasho. Baadaye kazi ikanihamisha. Nimepata klabu nyingine, nayo ya kung fu, ila utaratibu wao ni mwingine kabisa. Wanavaa mishipi ya kitambaa, na kijani kwao ni ya pili kutoka chini. Sifu, yaani mwalimu mkuu, alinipokea vizuri, akaniangalia nikifanya misingi, kisha akasema nivae sare bila mshipi mpaka mtihani ujao.

Sasa mtihani umekaribia, na msaidizi wake amenipa nafasi ya kuchagua. Naweza kuingia na wanaoanza, au niombe kupimwa kwa daraja linalolingana na kijani changu cha zamani. Nikiingia na wanaoanza naona kama miaka yangu inafutwa. Nikiomba juu, taolu zao, yaani mfululizo wa mbinu unaofanywa peke yako, sizijui zote, nazijua za kule nilikotoka.

Kwani huu mtihani hasa unapima nini? Rangi ya klabu moja inatambulika klabu nyingine? Na ingekuwa nyie mngechagua lipi? Naomba mniambie ukweli, mchezo huu naupenda kwa dhati na sitaki kuuingia vibaya kwa watu walionipokea vizuri.

Upanga_Mwembamba:

Karibu mkuu. Nianze na la pili maana ndilo rahisi. Rangi haihami. Kung fu haina chombo kimoja kinachogawa mikanda dunia nzima, na mitindo yenyewe ni mamia. Kijani cha klabu moja kinaweza kuwa mwaka mmoja wa mazoezi, kwingine miaka mitatu. Sifu wako mpya hajakuvunjia heshima hata kidogo. Hana njia ya kujua kijani chako kilipimwa kwa kipi.

Mzee_wa_Rafu:

Niongezee historia kidogo, itakusaidia kutoumia moyo.

Mikanda haikuzaliwa kwenye kung fu. Kano Jigoro, aliyeanzisha judo Japani mwaka 1882, ndiye aliyeingiza madaraja ya dan, yaani ngazi za mkanda mweusi, kwenye sanaa za mapigano, akiyaazima kwenye mchezo wa ubaoni uitwao Go. Mwaka 1883 aliwapa dan ya kwanza wanafunzi wake wawili, Saigo Shiro na Tomita Tsunejiro. Karate ikafuata: Funakoshi Gichin alitoa dan zake za kwanza mwaka 1924. Rangi nyingi za katikati, hizi za chungwa, kijani na bluu, zilienea zaidi Ulaya, na anayetajwa sana ni Kawaishi Mikinosuke aliyefundisha judo Paris miaka ya 1930.

Kung fu ya jadi ilikuwa na mpangilio wake. Kulikuwa na mwanafunzi wa kawaida, halafu mwanafunzi wa ndani aliyepokelewa rasmi kwa sherehe: anapiga magoti, anampa sifu chai, anaingia kwenye ukoo. Hapo hakuna rangi kiunoni. Ukimwita mwenzako kaka mkubwa, ni kwa sababu alitangulia kuingia mlangoni, hata kama wewe una umri mkubwa kuliko yeye. Klabu nyingi zilichukua mikanda au mishipi baadaye kwa sababu mwalimu mwenye wanafunzi wengi anahitaji kujua nani amefikia wapi, na mwanafunzi anahitaji kuona kuwa anasogea. Kwa hiyo kila klabu ilijichagulia rangi zake na idadi yake.

China yenyewe ina mfumo wa taifa uitwao duanwei, ulioanzishwa mwaka 1998, wenye ngazi tisa: tatu za chini, tatu za kati, tatu za juu. Beji zake ni tai, chui na joka. Huo ni mfumo mwingine, hauhusiani na kijani chako wala mshipi wao.

Ngumi_Fupi:

Mzee hapo kwenye chui umeteleza, beji za kati ni simbamarara. Mengine yote sawa.

Mimi ni mtu wa Wing Chun, mtindo mmojawapo wa kung fu. Kwetu hesabu ni ya mafunzo, hata pale klabu inapotumia mishipi: taolu tatu za mikono mitupu, yaani Siu Nim Tau, kisha Chum Kiu, kisha Biu Jee, halafu mtu wa mbao wa kufanyia mazoezi, mti mrefu, na visu viwili. Huwezi kuniambia umefika Chum Kiu halafu nikishikana nawe mikono kwenye chi sao, zoezi la wawili la kuhisi nguvu za mwenzako, kiwiko chako kinakimbilia nje. Mtihani wetu mkubwa uko hapo kwenye mikono, na hufanyika karibu kila siku ya mazoezi. Siku rasmi ni ya kuthibitisha tu kile ambacho sifu ameshakijua.

Mkao_wa_Farasi:

Mimi ni msaidizi wa mwalimu na nimekaa meza ya wasimamizi mara nyingi, niseme tunachokiangalia. Natanguliza kuwa kila klabu ina mtaala wake, ila misingi haitofautiani sana.

Kwanza mikao. Watu wanadhani watafaulu kwa mateke ya juu, lakini meza inaanza chini. Chukua mabu, mkao wa farasi. Nyayo zielekee mbele zikiwa sambamba, mapaja yakaribie usawa wa sakafu, mgongo wima, magoti yasianguke ndani. Tunakuacha hapo muda mrefu kidogo kwa makusudi. Sekunde za mwanzo kila mtu ni hodari. Baadaye makalio yanaanza kutoka nyuma, kifua kinalala mbele, nyayo zinafunguka pembeni. Hapo ndipo tunaandika.

Kisha gongbu, mkao wa upinde. Macho yangu huenda kwenye kisigino cha mguu wa nyuma. Mwanafunzi anapiga ngumi nzuri kabisa, bega limetulia, lakini kisigino kimenyanyuka na goti la nyuma limelegea. Maana yake nguvu haikutoka ardhini, imetoka begani. Aliyefika daraja la kati hatakiwi kuonekana na kosa hilo katikati ya taolu, hata akiwa amechoka.

Halafu taolu yenyewe. Hapa kukumbuka mpangilio ni nusu tu ya kazi. Tunaangalia macho yanakwenda wapi, kama unavuta pumzi au umeibana, kama mkono wa pili unafanya kazi au unaning'inia. Naweza kusimamisha mtu katikati nikamuuliza, "Hapa unazuia nini?" Anayejua atanionyesha na mwenzake papo hapo. Anayeigiza ataduwaa.

Mwishoni kuna matumizi wawili wawili, kuanguka bila kuumia, na kwa madaraja ya juu kupambana kwa udhibiti na silaha. Kushinda pambano hakuhitajiki. Ukimpiga mwenzako kwa hasira unaweza kushindwa mtihani huku wewe ndiye uliyepiga zaidi.

Sasa swali lako. Taolu za klabu ile huzijui, basi daraja lao la juu bado hulijui. Ushauri wangu ni uingie chini.

Kamba_Ngumu:

Mimi sikubaliani na Mkao_wa_Farasi, kwa heshima. Mtu mwenye miaka ya mazoezi kumweka na aliyeanza juzi si haki kwa wote wawili. Mgeni anamtazama huyu na kujiona hafai. Na kijani wa watu anazoea kuwa bora kwenye kundi dogo, analala. Kama msaidizi amempa nafasi ya kuomba juu, aombe. Akishindwa, ameshindwa, atarudi.

Mkao_wa_Farasi:

Kamba_Ngumu, hoja yako ya kulala ni ya kweli na nimeiona kwa macho yangu. Ila kuna jambo moja. Mtu aliyetoka mtindo mwingine ana tabia ambazo mwili umeshazikariri. Kama klabu ya zamani ilikuwa ya mikao mirefu na hii ni ya mikao mifupi, mguu wake utakwenda mbali kila akichoka. Daraja la chini linampa muda wa kuurudisha mguu bila shinikizo. Kumpandisha haraka ni kumfungia kosa ndani.

Lakini nakubali kitu kimoja: si lazima akae chini muda ule ule na mgeni. Kwetu mwenye msingi mzuri anaruhusiwa kuomba mtihani unaofuata mapema, au anapimwa madaraja mawili siku moja. Aulize kama kwao inawezekana.

Mama_Pacha:

Samahani kuingilia, mimi ni mzazi. Wanangu wako kwenye darasa la watoto na kwao kuna vipande vya utepe vinavyobandikwa kwenye mkanda kabla ya rangi mpya. Mmoja alipata, mwenzake hakupata, nyumbani pakawa na kilio. Je, klabu nzuri inaruhusiwa kumnyima mtoto?

Upanga_Mwembamba:

Mama_Pacha, inaruhusiwa na ni vizuri. Cha muhimu mtoto aambiwe kilichokosekana kwa maneno anayoyaelewa: "Ukipiga teke, mikono yako inashuka." Akiondoka na "hujafaulu" peke yake, hapo mwalimu ana la kujibu. Klabu nyingi makini hazimwiti mtoto mtihanini mpaka mwalimu awe na hakika kuwa yuko tayari, kwa hiyo wanaoshindwa siku yenyewe ni wachache. Utepe uko hivyo hivyo, ni hatua ndogo ili safari ya mtoto isiwe ndefu mno kati ya rangi na rangi.

Mama_Pacha:

Asante sana. Ni mikono kweli, mwalimu alinionyesha. Nitamwelekeza.

Kamba_Ngumu:

Dhoruba_Kimya, kabla hujaamua lolote ulizia pia ada ya mtihani. Iulize wazi: inalipia nini, ukishindwa unalipa tena au unarudia sehemu uliyokosa tu, na ni madaraja mangapi mpaka mshipi wa juu. Klabu ya kweli inajibu bila kukasirika. Nina wasiwasi na klabu yenye mtihani kila mara, kila anayelipa anafaulu, na rangi mpya zinaongezeka katikati kila mwaka.

Ngumi_Fupi:

Naunga mkono. Omba pia mtaala ulioandikwa. Kama haujaandikwa popote, angalau sifu aweze kukuambia kwa mdomo daraja fulani linahitaji nini, na jibu lake lilingane na la msaidizi wake.

Dhoruba_Kimya:

Wakuu nimerudi. Asanteni mno, nimesoma kila jibu.

Baada ya mazoezi nilimfuata sifu nikamuuliza kama mlivyoniambia. Hakukasirika hata kidogo. Alitoa karatasi ya mtaala tukapitia pamoja. Daraja la kwanza nalijua lote isipokuwa namna yao ya kuhama kutoka mabu kwenda pubu, mkao wa kushuka chini mguu mmoja ukinyooshwa pembeni, maana kule nilifundishwa kushuka na mkono tofauti. Daraja la pili, ambalo ndilo lenye mshipi wa kijani kwao, nimepungukiwa taolu moja na matumizi yake. Ada ni ya mtihani mzima, na anayekosa sehemu anarudia sehemu hiyo bila kulipa tena.

Nimeamua kuingia na wanaoanza. Amekubali nikifanya vizuri anipime la pili kwenye mtihani unaofuata bila kusubiri muda wa kawaida. Nilimuuliza pia kuhusu mkanda wangu wa zamani. Amesema niuhifadhi vizuri, kwa sababu kuna mwalimu aliyenifundisha na akaufunga mwenyewe kiunoni mwangu, na hilo hana mamlaka nalo. Moyo umetulia.

Mkao_wa_Farasi, nisaidie la mwisho. Nina hofu kwamba katikati ya taolu mwili utarudi kwenye mtindo wa zamani au nitasahau kabisa. Nikikwama nifanyeje?

Mkao_wa_Farasi:

Umeamua vizuri, na sifu wako anaonekana mtu wa maana.

Kwa siku zilizobaki usifanye taolu nzima kila mara. Ikate vipande, na kile kipande cha mabu kwenda pubu kifanye polepole sana, pande zote mbili, mpaka mkono mpya uje bila kuuita. Mwombe mwenzako akusimamishe ghafla popote, kisha uendelee kutoka hapo hapo. Watu wengi wanaijua taolu kutoka mwanzo tu, wakikatizwa wanapotea.

Siku yenyewe ukikwama, usirudi mwanzo bila kuambiwa, usitikise kichwa, na usiombe radhi kwa uso. Baki kwenye mkao uliofikia, ushuke vizuri, pumua. Mara nyingi mguu unakumbuka kabla ya kichwa. Isipokuja, simama wima, kiganja cha kushoto juu ya ngumi ya kulia, wasalimu wasimamizi, uombe kuanza tena. Kwenye meza yetu hilo halikuangushi. Na mwili ukirudi kwenye mtindo wa zamani kwa hatua moja, malizia hatua inayofuata kwa mtindo wao na usonge mbele, usijisahihishe mbele ya meza.

Dhoruba_Kimya:

Nimeelewa mkuu. Naanza na pubu leo jioni.