Tupeane uzoefu: baiskeli yako ya kwanza ya maana

Mwana Maswa (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Leo naomba tuzungumzie baiskeli. Simaanishi ile ya kukodi kwa dakika kadhaa kuzunguka uwanja wa mpira, wala ya mjomba mliyokuwa mnaiendesha akiwa usingizini. Naulizia baiskeli yako ya kwanza ya maana, ile yenye risiti iliyoandikwa jina lako au uliyokabidhiwa mbele ya ukoo, ambayo ikiharibika ni wewe unayekosa usingizi. Uliipataje na ilikufanyia nini?

Naanza mwenyewe. Yangu ilikuwa Phoenix ya Mchina, namba 28, nyeusi, ya kiume. Niliinunua kwa hela ya pamba. Aliyekulia Usukumani anajua: ununuzi wa pamba ukishafunguliwa katikati ya mwaka, maduka ya baiskeli yanajaa watu kuliko ya nguo. Baba alikuwa amenikatia kipande cha shamba nilime changu, na siku pamba yangu ilipopimwa na hela kutoka kwa jina langu, nilikwenda moja kwa moja dukani, hata chai sikunywa.

Kwa wasiojua, baiskeli ile hukabidhiwi ikiwa nzima. Inatoka kwenye katoni vipande vipande, fremu imeviringishwa makaratasi, ringi tupu, spoku zimefungwa kifurushi. Fundi anakaa barazani nje ya duka, ndiye anayekuundia. Nilikaa pembeni yake nikamwangalia akisuka magurudumu. La mbele linachukua spoku 32, la nyuma 40, kwa kuwa mzigo wote unakaa nyuma. Alizipitisha moja moja, hii kwa ndani, ile kwa nje, akizipishanisha. Kisha akalipachika gurudumu, akashika kipande cha chaki karibu kabisa na ringi na kulizungusha taratibu. Chaki ikigusa mahali, hapo pamepinda: analegeza spoku za upande ule, anakaza za upande wa pili, anazungusha tena. Hakuwa na haraka hata kidogo, nami nilikuwa nataka kupaa. Mwishoni akazipitishia kidole zote kusikiliza mlio. Mpaka leo nikishika baiskeli ya mtu, kabla ya kupanda nabana spoku mbili mbili kwa vidole nione kama kuna iliyolegea.

Keria ya dukani kwetu haifai kitu. Nikaenda kwa mchomeleaji akanifungia ya nondo, na stendi ya miguu miwili. Bomba la juu nikalivisha mpira wa tyubu kuukuu rangi isichubuke. Kazi ya kwanza ilikuwa maji: madumu ya lita 20 kutoka lamboni, mawili kila upande. Mama alikuwa amebeba maji kichwani tangu anaolewa. Jioni ile aliyaona yote yameshushwa uani kwa mara moja, akaenda kukaa kimya jikoni muda mrefu, halafu akaniita na kunipa baraka zake. Baadaye ikabeba mpunga kwenda mashineni, ikambeba na mama mwenyewe kwenda zahanati usiku, dada yangu akikimbia nyuma amemshikilia mgongo. Nilipohamia Shinyanga mjini niliendeshea daladala, yaani baiskeli ya abiria, mtu anakaa nyuma kwenye mto wa sponji, na hela ile ndiyo iliyomsomesha mdogo wangu. Kwa hiyo mtu akiniambia baiskeli ni usafiri wa mtu aliyeshindwa maisha, huwa simwachii. Nyumbani kwetu ilikuwa gari la wagonjwa, ilikuwa lori, ilikuwa ada ya shule.

Karibuni.

Mwanaunguja

Assalaam aleikum nyote. Yangu mie ni Raleigh ya babu, niliipata kwa urithi. Baba mdogo aliitaka, ami zangu waliitaka, lakini babu mwenyewe aliusia kwamba apewe yule aliyekuwa akiifuta kila Ijumaa kabla ya sala. Huyo nilikuwa mie.

Baskeli hiyo ya Kiingereza, ya Nottingham, ina nembo ya korongo pale mbele chini ya usukani. Gurudumu la nyuma lina giya tatu za Sturmey-Archer, na zote zimo ndani, hazionekani. Ukifuta grisi utaona juu ya habu, kile kitovu cha gurudumu, pamechapwa 58, yaani ilitoka kiwandani mwaka 1958. Kwa hiyo Mapinduzi ya 1964 yameikuta ishazoea njia za Unguja. Pana kitundu kidogo chenye kifuniko, unatia matone ya mafuta ya cherehani, basi. Babu alinionyesha mara moja tu, nami sijaacha.

Nilifanyia biashara ya samaki. Alfajiri nikenda mnadani Malindi, nikinunua changu na vibua, nikitia kwenye tenga nyuma, kisha Mwera na Dunga kwa kengele mlango kwa mlango. Samaki hangoji, kwa hiyo njia nzima unaendesha huku unaliona jua linapanda. Msimu wa masika ndio wa hatari, maana breki zake ni za fimbo, zinabana ringi kwa chini, na ringi ikilowa hazishiki kabisa. Dawa yake ni kuzigusa gusa mapema, kabla hujafika mteremkoni, mipira ipanguse maji. Ukisubiri mpaka uone gari mbele, umechelewa.

Ninayo bado. Vijana wa hoteli washakuja na dola zao, nimewaambia si ya kuuzwa.

Binti wa Magharibi

Hamjambo wote. Mimi niko Kenya, upande wa magharibi. Nimefurahi kuona hii mada, ingawa naona mpaka sasa wameongea wanaume pekee.

Baiskeli yangu ya kwanza nilipewa nikiwa sekondari ya kutwa, kupitia mradi wa World Bicycle Relief. Inaitwa Buffalo. Ni nzito kwelikweli, lakini keria yake imetengenezwa kubeba kilo 100, na breki ya nyuma unashika kwa kurudisha pedali, haina waya wa kukatika. Mlezi wangu alitia sahihi makubaliano shuleni kwamba nikiendelea na masomo mpaka mwisho inakuwa yangu kabisa. Mlezi ni nyanya yangu, na hiyo karatasi aliikunja akaiweka ndani ya Biblia.

Kabla ya hapo nilikuwa naamka giza, nafika nimelowa umande mpaka magotini, na somo la kwanza linapita nikisinzia. Si umbali tu, dada zangu mnaelewa: msichana anayetembea peke yake asubuhi gizani na jioni gizani anakutana na watu ambao hataki kukutana nao. Kuna bodaboda walikuwa wanatoa lifti ya bure kwa wasichana wa shule, na sote tulijua hiyo bure inalipwa na nini. Nilipopata Buffalo niliwapita nikipiga kengele. Hicho ndicho nakumbuka zaidi ya kitu kingine chochote.

Pale kijijini walisema msichana hawezi kuitunza. Nikajifunza kuziba pancha mwenyewe. Unazamisha tyubu kwenye karai la maji, unafuata viputo, unakausha, unasugua na msasa, unapaka solusheni. Halafu subiri! Wengi wanabandika kiraka solusheni ikiwa bado mbichi, kesho kinabanduka, wanalaumu solusheni. Ngoja ikauke mpaka ukigusa haikunati kidoleni. Wavulana wa darasa letu walianza kuniletea zao.

Leo nasoma ualimu. Baiskeli inatumiwa na binamu yangu, naye yuko sekondari.

Mtu wa Temeke

Dada hapo juu umenigusa sana. Hongera, na hongera kwa nyanya.

Mimi ni wa mitumba. Dar tulikuwa tunasubiri kontena lifunguliwe. Nilipata ya Kijapani, ile ya akina mama yenye kikapu mbele, bomba limeshuka chini, taa ya dinamo na kufuli limefungwa kabisa kwenye gurudumu la nyuma. Kwenye fremu kulikuwa na stika ya usajili yenye maandishi ya kwao. Sikuibandua. Nilikuwa natazama ile stika najiuliza mama gani alikuwa anabebea mboga zake kwenye kikapu hiki, mji gani, na sasa kimebeba mikate yangu naelekea Mbagala.

Washkaji walinicheka kwamba ni ya kike. Lakini ukiwa na trei za mikate nyuma na unashuka kila duka, lile bomba la chini ni ukombozi, hurushi mguu. Na kitu kingine ambacho wanunuzi wa mtumba wajue: angalieni mdomo wa tyubu. Za Kijapani zina mdomo mwembamba uleule wa Phoenix, pampu yoyote ya mtaani inaingia. Zile za milimani nyingi zina mdomo wa gari, unalazimika kutafuta sheli au fundi mwenye kichwa cha pampu kinachofaa. Ukiwa na haraka ya biashara hilo si dogo.

Ile iliibwa. Walikata mnyororo niliouongezea na kuibeba mzimamzima na kufuli lake. Nililia, sina aibu kusema, kwa sababu kodi ya chumba ilikuwa inatoka humo.

Fundi Buyenzi

Salamu kutoka Bujumbura. Mimi ni fundi, kwa hiyo baiskeli ya kwanza yangu mwenyewe niliiunda kwa vipande: fremu ya Kihindi, foku ya Kichina, pedali za aina mbili. Lakini nataka kusema juu ya wateja wangu, wale wanaoteremka kutoka Bugarama na ndizi.

Ile barabara inashuka kutoka milimani mpaka mjini, kona juu ya kona. Kijana anafunga mikungu nyuma na pembeni mpaka yeye mwenyewe haonekani, anaachia. Breki za kawaida hazitoshi, kwa hiyo kuna wanaokanyaga kipande cha tairi kwenye gurudumu, na viatu pia. Kurudi juu wanashika nyuma ya lori. Nimezika rafiki kwa ajili ya hiyo. Nawaambia kila siku, na kila siku wananijibu kwamba siku moja ya kusukuma kwa miguu ni siku moja watoto hawali. Basi ninachoweza ni kuhakikisha gololi zimejaa, grisi ni mpya, na hakuna spoku iliyokatika. Asiyekuwa na pesa ya breki nampa, atalipa akirudi.

Mwalimu Mstaafu

Vijana, hamjambo. Nimesoma yote kwa furaha. Ngoja niwapeleke nyuma kidogo.

Yangu ilikuwa Swala, zilizokuwa zinaundwa hapahapa Dar es Salaam. Niliipata mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati ambao sabuni tu ilikuwa habari. Vita vya Kagera vilikuwa vimetuacha hoi, fedha za kigeni hakuna, na bidhaa zilipita kwenye maduka ya RTC, yale ya kampuni za serikali za biashara za mikoa, kwa mgao. Baiskeli ulikuwa huendi kununua, ulikuwa unaomba. Unaandika barua, inapitishwa, unangoja kibali. Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi kijijini mkoani Singida, na hoja niliyoandika ni kwamba mshahara tunaufuata wilayani kwa miguu na watoto wanabaki bila mwalimu.

Kibali kilitoka wakati nimeshakata tamaa. Niliiendesha kutoka mjini mpaka kijijini, na wanafunzi walinipokea mtoni wakaisukuma wao mpaka shuleni, wakiimba. Ilifuata mishahara ya walimu wote, ilileta chaki, ilibeba mitihani ya darasa la saba. Spea zilikuwa shida. Tairi likipasuka tulilishona kwa uzi wa gunia na kutia kipande cha tairi jingine ndani. Baada ya 1984, watu waliporuhusiwa kuagiza bidhaa kwa fedha zao za nje, ndipo tukaanza kuona tena maduka yenye baiskeli nyingi.

Fremu ninayo, imara kabisa. Ninataka kuifufua kwa ajili ya mjukuu, ila ringi ya nyuma imeliwa na kutu. Je, ringi za 28 zenye matundu 40 bado zinapatikana?

Mwana Maswa (mleta mada)

Shikamoo mwalimu. Zinapatikana, tena huku kanda ya ziwa hazikosekani, wabeba mkaa na mpunga bado wanazitumia.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, Mwana Maswa. Nashukuru sana.

Fundi Buyenzi

Shikamoo mzee. Niongeze kidogo. Kabla hujalipa, hesabu matundu ya habu yako ya zamani kwanza, maana zipo zilizokwisha kubadilishwa njiani bila mwenyewe kujua, na ringi ya 40 haisukwi na habu ya 36. Nenda na ringi ile mbovu dukani, uzilaze moja juu ya nyingine, kipenyo kilingane kabisa. Spoku nunua mpya zote, usichanganye na za zamani. Na ukifika kwa fundi, mwambie azikaze tena baada ya mjukuu kuiendesha wiki moja, kwa sababu gurudumu jipya lazima lilegee kidogo likishabeba mtu.