Kuzunguka makanisa mbalimbali siku ya Jumapili hapa Mtwara: je, kuna ubaya?

Mgeni wa Shangani

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Mimi ni mtumishi wa umma niliyehamishiwa Mtwara Mjini nikitokea Moshi, na tangu utoto ni Mlutheri. Kule nyumbani kanisa halikuwa jambo la kuchagua, kwa sababu usharika ulikuwa jirani, ukoo mzima ulisali hapo, na mtu akikosekana Jumapili mbili mfululizo mzee wa kanisa alipita kubisha hodi kuuliza kama kuna mgonjwa. Hapa hakuna anayenifahamu, na uhuru huo umenifanya nitembee. Nimeabudu katika usharika wa KKKT, nimekwenda Misa na jirani yangu Mkatoliki, nimealikwa na mwenzangu wa ofisini katika kanisa la Kipentekoste, na hivi karibuni nilihudhuria huduma moja inayokodi ukumbi, ambako ibada ilianza asubuhi na tukatoka saa nane mchana.

Sikatai kwamba nimefaidika. Hata hivyo kuna mambo yananitatiza. Kwanza, sijui kama kuzunguka namna hii ni utovu wa uaminifu kwa kanisa lililonibatiza. Pili, sina hakika mgeni anapaswa kufanya nini wakati wa Meza ya Bwana katika kanisa lisilo lake. Tatu, katika ile huduma ya ukumbini niliandikishwa namba ya simu mlangoni kabla sijaketi, bahasha zikapitishwa mara kadhaa kabla ya mahubiri kumalizika, na tangu siku hiyo napokea ujumbe unaonikumbusha "mbegu", yaani sadaka, ambayo sijaipanda. Ningependa pia kufahamu makanisa ya zamani ya huku Kusini, kwa kuwa natamani Jumapili nyingine nitoke nje ya mji. Naomba ushauri wa wenyeji.

Mmakua wa Masasi

Karibu sana Kusini, dada. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalonigusa zaidi.

Ukifika Masasi ukaingia kanisa la Anglikana bila kusoma kibao cha nje, unaweza kudhani umeingia kwa Wakatoliki. Utakuta altare yenye mishumaa, padre aliyevaa kasula, lile vazi la juu la Misa, kijana anayetikisa chetezo hadi moshi wa uvumba unafika mabenchi ya nyuma, na kengele inayopigwa wakati wa kuinua mkate na kikombe. Ibada yenyewe tunaiita Misa na kiongozi wake tunamwita Padre. Waanglikana wanaohamia huku kutoka Dodoma huwa wanashangaa mno, maana kwao Injili ililetwa na wamisionari wa CMS, chama kingine cha Kianglikana, waliopenda ibada isiyo na mapambo, na wengine hufika hatua ya kuuliza kama kweli sisi ni kanisa moja nao. Ni kanisa moja, ila tumelelewa na walezi tofauti. Sisi tuliletewa imani na UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo watu wake walishika sana desturi za Kikatoliki ndani ya Uanglikana.

Misheni ya Masasi ilianzishwa mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipofika kutoka Unguja akiwa na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Walikuwa wakielekea bara, karibu na Ziwa Nyasa walikotoka wengi wao, lakini safari iliishia hapa chini ya milima yetu ya mawe. Kwa hiyo Ukristo wa Masasi haukuanza na mwenyeji mmoja kuhubiriwa chini ya mti. Ulianza na kijiji kizima cha watu waliokuwa wamepoteza kwao. Mwaka 1882 kijiji hicho kilivamiwa na Wangoni, waliojulikana huku kwa jina la Magwangwara, na wengine wakachukuliwa tena mateka. Mzee anayefahamu habari hizo utamtambua hata anapoimba zaburi ya uhamisho.

Dayosisi ilipoanzishwa mwaka 1926, askofu wake wa kwanza, William Vincent Lucas, alikuwa tayari anajulikana kwa jambo lililozua mjadala mkubwa: aliruhusu jando lifanyike chini ya uangalizi wa Kanisa, likiwa na sala na mafundisho ya Kikristo, badala ya kuwalazimisha vijana kuchagua kati ya ukoo na ubatizo. Mimi naona alikuwa na busara, ingawa wapo wenzangu wanaodhani alilegeza kamba. Kati ya mwaka 1960 na 1968 askofu wetu alikuwa Trevor Huddleston, yule aliyekuwa amepambana na ubaguzi wa rangi Afrika Kusini. Haya nayataja ili ukija usiishie kutazama uvumba tu.

Katekista wa Kigango

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi natumika upande wa Jimbo Katoliki la Lindi, nami nitajibu juu ya Meza ya Bwana, kwa sababu ndilo swali ambalo wageni wengi huona haya kuuliza, kisha wakafanya lolote linalowajia.

Katika Kanisa Katoliki, Komunyo hupokelewa na Mkatoliki ambaye hana kizuizi. Sheria ya Kanisa inataja mazingira machache ya pekee, kama hatari ya kifo, lakini Jumapili ya kawaida mgeni Mlutheri hapokei. Hatukatai ubatizo wako, mama. Ubatizo wa maji kwa jina la Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu tunautambua, na Mlutheri anayejiunga nasi habatizwi upya. Tofauti ipo katika ushirika kamili, na Komunyo ni alama ya ushirika huo. Basi watu wanapojipanga, ninyi wageni ketini au pigeni magoti mahali penu kwa utulivu, muwapishe wanaopita, na hakuna atakayewatazama vibaya, kwa kuwa hata miongoni mwa Wakatoliki wenyewe wako wengi wanaobaki kwenye benchi kwa sababu zao.

Jambo jingine ambalo watu wa mjini hawalijui ni kwamba parokia zetu za vijijini ni kubwa na mapadre ni wachache. Ukienda kigangoni, yaani kanisa dogo la kijiji chini ya parokia, Jumapili unaweza usikute Misa. Utakuta katekista kama mimi ameongoza Ibada ya Neno: masomo yale yale ya siku, mahubiri mafupi, maombi ya waamini, sadaka na matangazo. Msimu wa korosho mahudhurio hupungua, kwa kuwa familia nyingi huhamia mashambani kuokota, halafu malipo ya mnada yanapoingia kupitia chama cha msingi, tunaona sadaka za shukrani ambazo hatukuziona mwaka mzima. Nawaambia ukweli, sadaka ya korosho iliyofungwa katika kona ya kanga na kuletwa altareni na bibi anayetembea kwa fimbo inanifundisha kuliko mahubiri yangu mwenyewe.

Kuhusu historia, wamisionari Wabenediktini walifungua Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896. Vituo vyote viwili vilishambuliwa wakati wa vita vya Maji Maji mwaka 1905, mwaka ambao Askofu Cassian Spiss aliuawa akiwa njiani kutoka Kilwa kuelekea Liwale. Mwaka uliofuata ndipo Ndanda ilipoanzishwa, na leo pana abasia (makao makuu ya watawa), hospitali na shule. Hapo Mtwara Mjini, kabla hujasafiri mbali, pitia Kanisa la Mtakatifu Paulo, Majengo. Kuta zake zimejaa picha kubwa za Biblia zilizochorwa na padre Mjerumani, Polycarp Uehlein, ambaye michoro yake ipo pia Nyangao na Lindi. Fika mapema kabla ya Misa, maana watu wakishajaa hutaweza kuzitazama kwa nafasi.

Mzee wa Kanisa

Shalom. Mimi nitakuwa mkali kidogo, nawe unisamehe, binti yangu.

Kutembelea si dhambi. Kuishi kwa kutembelea ndiko kunakoleta taabu. Siku ya msiba, swali la kwanza ambalo ndugu zako wataulizwa ni hili: marehemu alikuwa anasali wapi? Nimekaa katika vikao ambamo familia ilizunguka makanisa matatu kutafuta mchungaji wa kuzika, na kila mahali jibu lilikuwa kwamba mtu huyo walimwona mara moja moja tu. Ndivyo ilivyo pia kwa ubatizo wa watoto, kipaimara na ndoa, ambako mchungaji ataomba barua kutoka usharika ulikotoka na kutazama kama jina lako lipo katika daftari la washarika. Huo si ukiritimba. Ni namna ya kujua nani anamchunga nani.

Kwa hiyo, andika Moshi, uombe barua ya utambulisho, uipeleke usharika wa hapa, upangiwe jumuiya ya nyumba kwa nyumba, upewe bahasha zako. Ukishakuwa na makazi, tembelea unakotaka. Na baada ya ibada usikimbie mnada wa sadaka za mazao! Huko kwenu mlizoea ndizi na maziwa. Hapa utanadiwa mbaazi, nazi, mihogo, na jogoo aliyefungwa miguu ambaye atanunuliwa, arudishwe, anadiwe tena, hadi mwenyewe achoke kuwika. Hapo ndipo watu wanapokujua kwa jina.

Mwimbaji wa Ligula

Bwana Yesu asifiwe sana. Mimi ni Mpentekoste, na nimesikitika kusoma habari ya ile huduma, kwa sababu wengi wataitumia kutupima sote.

Dada, tofautisha kanisa lenye uongozi na huduma inayomzunguka mtu mmoja. Makanisa ya Kipentekoste kama TAG, EAGT au FPCT yana maaskofu, wachungaji waliosomea, wazee, watunza hazina na vikao. Kila jumuiya ya dini inapaswa kuandikishwa kwa Msajili wa Jumuiya, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kwa mujibu wa Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Basi si utovu wa adabu kuuliza kama huduma imesajiliwa. Mimi ninatazama mambo matatu zaidi: nani anahesabu sadaka na je, taarifa yake husomwa mbele ya waumini, kama mhubiri anapoumwa au anaposafiri kuna mwingine anayeruhusiwa kusimama, na kama mgonjwa anaombewa huku akihimizwa kuendelea na dawa za hospitali. Mahali ambapo muumini anaambiwa aache dawa kwa sababu amepakwa mafuta, ondoka hata kama kwaya inaimba vizuri.

Juu ya namba ya simu, hulazimiki kuitoa. Sema tu, "Nitawaandikia nikirudi." Sadaka nayo ni hiari yako, toa ulichokusudia ulipotoka nyumbani, hata bahasha zikipita mara ngapi. Ujumbe wa "mbegu" uzuie, wala usijibu.

Kwetu Meza ya Bwana kwa kawaida hutangazwa kuwa ni kwa waliookoka na kubatizwa, na makanisa mengi yetu yanamaanisha ubatizo wa maji mengi wa mtu aliyekwisha kuamini. Taratibu hazifanani, basi mwulize mzee wa kanisa kabla ibada haijaanza. Tena usishtuke tukiomba wote kwa sauti kwa wakati mmoja. Hukulazimishwa kupaza sauti. Wapo wageni wanaoinamisha vichwa tu, nasi tunawaheshimu.

Mgeni wa Shangani

Nawashukuru nyote, na kwa Mzee wa Kanisa, shikamoo. Nimekubali hoja ya barua, na nitaiomba wiki hii. Bado naona hata hivyo kwamba Mzee amelitazama kanisa zaidi kwa upande wa kuzikwa kuliko wa kuishi. Nilipokuwa Moshi sikuwahi kuingia kanisa la mtu mwingine, na nilikuwa nasema mambo mengi juu ya Wakatoliki na Wapentekoste ambayo sasa siwezi kuyasema. Nina swali moja lililobaki: watoto wangu watajiunga nami likizo ijayo. Je, niwachukue katika ziara hizi au niwaache katika shule ya Jumapili ya usharika?

Mzee wa Kanisa

Marahaba, binti yangu. Umenijibu vyema, na la kuzikwa nimelipokea. Watoto wabaki shule ya Jumapili ya usharika, wapate marafiki na wajifunze katekisimu yao. Wakishakuwa wakubwa wa kuweza kuuliza maswali, nenda nao unakotaka.

Mmakua wa Masasi

Mimi natofautiana na Mzee kidogo. Likizo ni wakati wa kuwatembeza. Chukueni basi la Masasi siku ya Jumamosi, mshuke Ndanda mwone abasia, kisha mwendelee hadi Masasi, kwani si mbali tena kutoka hapo. Asubuhi ya Jumapili mje Misa ya Kianglikana mapema, ili mpate basi la kurudi Mtwara mchana. Wewe na mabinti mje na kanga au mtandio, kwa kuwa akina mama wazee wa kwetu bado hufunika vichwa kanisani, na kama mmoja wa watoto ana kifua kinachobana, mketi karibu na dirisha, mbali na chetezo.

Katekista wa Kigango

Naongeza kwamba Ndanda mkifika jioni, ulizeni mapokezi saa ya Masifu ya Jioni. Wageni wa madhehebu yote huruhusiwa kukaa na kusikiliza watawa wakiimba, na hapo swali la Komunyo halipo kabisa.